Je, Yafaa Kumfungulia Moyo Mshauri Tusiyemwona Uso?

Liko neno moja ambalo waalimu na wazee wa sharika wametuuliza mara nyingi, nalo halikosi kuleta mabishano. Siku hizi mtu mwenye taabu moyoni, au mwenye magomvi nyumbani mwake, aweza kutafuta mshauri kwa simu ya mkononi au kwa njia ya intaneti. Humweleza mambo yake yote, naye hajapata kumwona uso wala kujua ni mtu wa wapi. Kijana wa shule hufanya hivyo usiku, wazazi wake wamelala. Mke hufanya hivyo mumewe akiwa shambani. Na yule aliyekwenda kazi ya mbali, Dar es Salaam au Nairobi au hata Oman, hufanya hivyo kwa kuwa huko hana ndugu. Wako wasemao, "Ni jambo jema, maana watu wanapata msaada." Na wako wasemao, "Ni jambo la kuvunja nyumba, maana habari za ndani zapelekwa kwa wageni." Basi twataka kulipima neno hili polepole, tusilisifu upesi wala tusililaani upesi.

Kwanza na tuujue mzigo wenyewe. Watu wa mjini huuita msongo wa mawazo. Lakini lugha yetu ilikwisha kuujua tangu zamani, maana tukimwona mtu amenyamaza, hali, halali, twasema, "Ana mawazo." Kila mtu ana mawazo, lakini kwa neno hili twataka kusema kwamba mawazo yamemshika yeye, wala si yeye aliyeyashika. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, nao wanajua kwamba kuwaza kwa namna hii huuchosha hata mwili. Na asili zake ni zile zile kila mahali: deni lisilolipika, ugonjwa mrefu, mtoto asiyesikia, ulevi, ugomvi wa mashamba ya urithi, mume na mke wakaao nyumba moja wasisemezane.

Mtu asidhani kwamba mzigo huu ni alama ya imani haba. Eliya, baada ya kushinda kule Karmeli, alikaa jangwani chini ya mti akaomba afe. Wala malaika hakumkemea, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Hata katika nchi yetu, huko Lutindi katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili walipokewa na misioni tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati watu wengi walipokuwa wakiwaogopa. Kwa hiyo swali letu si kama mtu mwenye mawazo asaidiwe au asisaidiwe. Swali letu ni nani amsaidie, na kwa njia gani.

Wanaokataa shauri la mbali wana hoja mbili, nazo si hoja za kijinga. Ya kwanza ni mithali wanayoijua wote: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Husema, "Mtu asiyekuona, asiyeijua nyumba yako wala tabia ya mumeo, atakushauri nini?" Ya pili ni hii, kwamba wazee wako, na penye wazee haliharibiki neno, tena mambo ya nyumba hayatolewi nje.

Hoja ya kwanza twaijibu kwa habari iliyotokea kweli. Mwaka wa 1530 Martin Luther alikaa miezi zaidi ya mitano katika ngome ya Coburg. Wenzake walikuwa Augsburg mbele ya Kaisari, lakini yeye hakuweza kwenda nao, maana sheria ya Kaisari ilikuwa imemhukumu. Na huko nyumbani Wittenberg alikuwako kijana mmoja, Hieronymus Weller, aliyekuwa akimfundisha mwana wa Luther, naye alishikwa na huzuni nzito. Luther hakuweza kumwendea wala kumwona, basi alimwandikia barua. Na neno kubwa alilomwambia lilikuwa kwamba aukimbie upweke, atafute watu, azungumze nao na kufanya mizaha pamoja nao. Tena alimkumbusha jinsi yeye mwenyewe, zamani za utawa wake, alivyopeleka huzuni zake kwa Staupitz aliyekuwa mkubwa wake, akasikilizwa.

Tazameni vema jambo hili. Shauri lilitoka mbali, mwandishi na msomaji hawakuonana, wala shauri halikuharibika kwa sababu hiyo. Lakini halikumfunga kijana kwa mwandishi wake. Lilimshika mkono likamrudisha kwa watu waliokuwa karibu naye. Hapa ndipo twaona kipimo cha kwanza na kikubwa: shauri jema la mbali ni lile limrudishalo mtu kwa watu. Shauri limfichalo mtu mbali na watu wake wote, hata likiwa tamu namna gani, si shauri jema.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, maana ina kweli ndani yake. Wazee wako. Lakini na tuulize, mbona mtu awapite wazee walio mlango wa pili, akaseme na asiyemjua? Wengi hujibu, "Ni ujana tu, ni kuiga." Sisi twaona sababu nyingine. Wahenga walisema, Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia ndani ya mtungi, ndiyo maana yajua. Lakini kata ikiwa imetoboka, ni nani atakayeichovya tena?

Tufikiri habari ya mke mmoja, mfano tu, lakini wasomaji watamtambua katika vijiji vingi. Mumewe hunywa fedha ya kahawa mpaka watoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa madaftari. Mzee wa kanisa wa mtaa wao ni baba mdogo wa mume huyo. Mchungaji ana mitaa mingi, huonekana kwao mara moja kwa mwezi. Mama yake mzazi humwambia, "Vumilia, mwanangu, na sisi tulivumilia." Siku moja amweleza mwenzake mmoja kisimani, na kabla ya Jumapili habari iko sokoni, tena imeongezwa chumvi. Je, mwanamke huyu akizungumza na mshauri wa mbali, ni yeye aliyeyatoa mambo ya nyumba nje? Yalikwisha kutoka. Yeye alitafuta sikio lisilokuwa na mlango wa sokoni.

Tena ziko habari ambazo mtu huona haya kumwambia aliye karibu kwa sababu yu karibu. Mwaka wa 1935 huko Uingereza kasisi mmoja kijana, Chad Varah, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana yule alikuwa ameanza kupata hedhi, naye alidhani ni ugonjwa wa aibu, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza. Sisi ambao katika makabila mengi tulikuwa na somo au shangazi wa kumfundisha mwali, twaweza kushangaa. Lakini na tujiulize ni wasichana wangapi wa leo walio na somo. Varah hakusahau kaburi lile. Mwaka wa 1953, mjini London, alifungua katika kanisa lake msaada wa simu kwa watu waliokata tamaa, na chama kilichotoka humo chaitwa Samaritans mpaka leo. Na jambo lililomshangaza yeye mwenyewe ni hili: walikuja watu wa kujitolea kuwakaribisha wageni na kuwapa chai wakingoja zamu ya kumwona, na wageni wengi, wakiisha kusikilizwa na watu hawa wasio na elimu kubwa, hawakumhitaji tena kasisi. Mwaka uliofuata kazi ya kusikiliza ikawekwa mikononi mwa hao wa kujitolea.

Basi twasema wazi: kumfungulia moyo mshauri asiyeonekana si dhambi, wala si kuwadharau wazee. Mwenye kuzama hashiki tu mkono wa ndugu. Hushika mkono wowote ulionyoshwa. Lakini tukiisha kusema hayo, yatupasa kuonya juu ya mambo matatu.

La kwanza ni siri. Neno lisemwalo chini ya mti hupeperuka, lakini neno liandikwalo katika mtandao hukaa. Huko Finland, nchi ya Walutheri wengi, palikuwa na kampuni ya ushauri iitwayo Vastaamo. Mwaka wa 2020 ilijulikana kwamba mwizi alikuwa ameingia katika kumbukumbu zake, akaiba habari za wagonjwa maelfu kwa maelfu, hata maneno waliyoyasema kwa machozi. Kisha aliwaandikia wagonjwa wenyewe mmoja mmoja akidai fedha, la sivyo atayatangaza. Mwaka wa 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka zaidi ya sita kwa kosa hilo. Na huko Marekani, mwaka wa 2023, serikali iliiamuru kampuni ya BetterHelp, iliyo kubwa katika kazi ya ushauri wa mtandao, kulipa dola milioni 7.8, kwa kuwa iliahidi kutunza siri za watu, kumbe habari zao zilipelekwa kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo ya biashara. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka wa 2019, na Tanzania mwaka wa 2022. Twazishukuru sheria hizo. Lakini sheria humwadhibu mwizi baada ya kuiba. Mwenye nyumba hana budi kufunga mlango mwenyewe. Asiandike jina lake kamili pasipo lazima, asipeleke picha, asitumie simu ambayo wengine hufungua.

La pili ni washauri wa uongo. Mtu mwenye mawazo ni kama mwenye njaa, hachagui. Wako wajiitao washauri, kumbe wanatafuta fedha au mambo machafu. Hutisha kwanza, wakisema, "Nyumba yako ina adui," kisha hutaja bei. Mshauri wa kweli husema jina lake, na mahali alipojifunza, na hospitali au chama kilicho nyuma yake. Hakuahidii kumrudisha mume kwa siku saba. Husikiliza zaidi kuliko anavyosema.

La tatu ni jipya, nalo lataka kufikiriwa sana. Siku hizi wengine hawamweleze mtu kabisa, bali huieleza mashine, programu ijibuyo kana kwamba ni mtu. Jambo hili lina mwanzo wake. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA. Haikuelewa lolote, iliyageuza tu maneno ya mtu kuwa swali ikamrudishia. Lakini karani wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba bwana wake atoke chumbani, apate kuwa peke yake. Weizenbaum alishtuka, na mwaka wa 1976 alitoa kitabu cha kuonya kwamba kazi nyingine zisipewe kompyuta, hata kama zaweza kuzifanya. Mashine za leo ni hodari kuliko ELIZA mara nyingi, zajibu vizuri, hata kwa Kiswahili. Hata hivyo hukosea: mwaka wa 2023 chama kimoja cha Marekani kiwasaidiacho wagonjwa wenye kujinyima chakula kililazimika kuiondoa mashine yake ya kujibu, kwa kuwa iliwapa watu mashauri ya kupunguza mwili.

Lakini tuseme mashine isikose hata mara moja. Je, itakuwa mshauri? Hapa twafika kwenye shina la neno. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo. Kuchukua mzigo maana yake ni kwamba uzito umetoka begani mwangu ukaja begani mwako, nawe wausikia. Anayekesha nami amenipa usiku wake, na usiku huo haurudi. Akinishauri vibaya, ataulizwa. Dhamiri yake itamsumbua. Kesho atatazama kama nimeamka. Mashine haichoki, na wengine huisifu kwa sababu hiyo. Lakini isiyoweza kuchoka haina usiku wa kutoa. Haina aibu ya kushinda ili inisikilize, wala haitalia nikifa. Basi mtu na aitumie kama atumiavyo kitabu: kujifunza habari za usingizi, kujua hospitali iko wapi, kutulia saa nane ya usiku wakati watu wote wamelala. Hilo si baya. Lakini asidhani kwamba amekwisha kumwambia mtu. Kukipambazuka, na amwendee mtu.

Sasa twairudia ile fimbo ya mbali, maana mithali haikusema uongo. Ziko nyoka zisizouawa na fimbo ya mbali. Mshauri wa simu hawezi kuona jicho lililovimba. Hawezi kukaa kati ya jamaa mbili mpaka zipatane juu ya shamba. Hawezi kumpeleka mtoto kliniki, wala kuleta kibaba cha unga katika nyumba iliyolala njaa. Mume akimpiga mkewe, au mtoto akiharibiwa, au mtu akisema anataka kujiua, hapo maneno ya mbali hayatoshi. Watu waende kwa miguu, leo, na mgonjwa asiachwe peke yake mpaka afike hospitali. Hata simu yenyewe hapo hufaa kwa kuwaita walio karibu: katika Tanzania na Kenya namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya watoto walio katika hatari, ili wenye kazi hiyo wapate kufika.

Na wengine watauliza, "Je, mshauri aliyeahidi siri aivunje?" Twajibu kwamba katika mashauri siri hutunzwa ili mtu aishi, haitunzwi ili mtu afe. Mshauri mwaminifu husema mpaka huo tangu mwanzo, kabla hajasikia neno lo lote, ili asionekane msaliti baadaye.

Limebaki neno kwa walio karibu, nalo ndilo kubwa kwetu, maana hatuwezi kuwatengeneza washauri wa Ulaya na Marekani, bali vijiji vyetu twaweza. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alimpoteza mgonjwa mmoja, msichana aliyejiua kwa kuwa jamaa yake hawakuwa na nauli, dola 15, ya kumleta kwake Harare. Daktari alifikiri sana. Wenzake walikuwa wachache, na watu wenye kufungisisa walikuwa wengi. Mwaka wa 2006, katika mtaa wa Mbare, alianza kazi pamoja na bibi wazee 14. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague shida moja kati ya shida zake, aitafutie njia. Waliketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, basi. Mwaka wa 2016 ilitangazwa hesabu ya majaribio yaliyofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573: baada ya miezi sita, wale waliokaa na mabibi wale walikuwa wamepungukiwa na taabu zao kuliko wale waliotibiwa kwa desturi tu.

Ni usharika gani usiokuwa na bibi, na benchi? Kinachotakiwa ni mambo matatu tu. Kinywa kifungwe, hata kwa mume au mke wa msikilizaji. Sikio lifunguliwe, asikatizwe asemaye. Na msikilizaji ajue mpaka wake, amjue daktari na mahali pa kumpeleka mtu mzigo ukimzidi. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno, na hapo walifanya vema. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa wamfundishe. Mzee ambaye hujibu "vumilia" kabla hajasikia mwisho wa habari, asishangae akimwona mtu ampita na simu yake mkononi.

Basi neno letu ni hili. Anayeomba shauri mbali asihukumiwe, bali afundishwe kumtambua mshauri mwaminifu: ajulikane ni nani na amejifunza wapi, aseme atunzavyo siri na mpaka wa siri hiyo, asitishe wala asidai fedha kwa hofu, naye amrudishe mtu kwa watu. Na huyo anayerudishwa awe na mahali pa kurudi. Kwa hiyo twawaomba waalimu, mtakapokutana na wazee na kina mama katika mitaa yenu, mwulizane swali moja, mlijibu kwa majina ya watu: Katika kijiji chetu, mwenye mawazo leo usiku aweza kugonga mlango wa nani, na kesho habari yake isiwe sokoni?